Samaki Walifia Mbali na Uchafu

Nilifika kwenye kona ya mto jua likiwa limeshapanda. Samaki walikuwa wameelea chali, matumbo meupe juu, vinywa wazi, wadogo kwa wakubwa. Mkondo ulikuwa umewasukumia ukingoni wakajazana pale kama majani makavu, na watoto walikuwa wakiwagusa kwa vijiti. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini kama mpimaji wa ubora wa maji, na sikuwahi kuona mto uliokatika pumzi namna ile.

Hatua chache juu ya kona hiyo palikuwa na vijana waliokuwa wakiosha magari. Povu lilikuwa limetanda kwenye kokoto, na juu ya maji kulikuwa na utando wa oili wenye rangi za upinde wa mvua. Kila aliyekuwepo aliwanyooshea kidole. Mimi pia. Nilichota maji, nikapima oksijeni, kipimo kikatoka kizuri mno, kizuri kupita kawaida ya mto ule. Nikadhani nimekosea. Nikakiacha kando kipimo hicho, nikaandika kile ambacho macho yangu yalikuwa yamekwisha kuamua: chanzo kinachoshukiwa ni sabuni na oili ya waosha magari.

Siku mbili baadaye vijana waliondolewa na pampu zao zikachukuliwa. Mdogo wao, ambaye nadhani hakuwa amefika miaka kumi na minane, alinifuata nikiwa nafunga sanduku la chupa. Aliniuliza kwa adabu kabisa, "Dada, ulipima, au uliona tu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima, na kipimo kilinikatalia, nikakipuuza.

Wiki tatu hazijaisha samaki walikufa tena, palepale, na safari hii hapakuwa na gari hata moja lililooshwa. Nilirudi mchana na chupa zangu. Mzee mmoja mvuvi alikuwa amekaa kwenye mtumbwi wake akishona nyavu, akanitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema.

"Mwanangu, wewe huja jua likiwa kichwani. Saa hizo samaki hawafi. Njoo nyota zikiwa bado ziko juu."

"Mzee, usiku kuna nini?"

"Wanakuja juu kuhema. Ukiwa kimya utawasikia."

Nilikwenda. Saa kumi na nusu usiku tulikuwa tumekaa wawili kwenye mtumbwi, taa imezimwa, na kweli niliwasikia. Ni sauti ndogo, kama mtu anayebusu maji. Mamia ya midomo ilikuwa imegusa uso wa mto ikitafuta ule utando mwembamba wa juu unaopakana na hewa.

Nilipima kwa njia ya mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, aliyoitangaza mwaka 1888. Hadi leo naiamini kuliko vifaa vyote vyenye betri nilivyowahi kushika. Chupa ya kioo unaijaza kutoka chini kwenda juu, taratibu, bila kuruhusu kapovu hata kamoja kuingia. Unatia chumvi ya manganizi, kisha dawa yenye iodidi, unafunga, unaigeuza juu chini mara kadhaa. Kama maji yana oksijeni, tope la kahawia hutokea papo hapo na kutua chini kama unga wa kutu. Baadaye unatia asidi, maji yanakuwa na rangi ya dhahabu, halafu unadondosha dawa nyingine tone kwa tone mpaka rangi ipotee, na kiasi ulichodondosha ndicho kinachokupa hesabu. Kama maji hayana oksijeni, tope la mwanzo linabaki jeupe.

Niligeuza chupa, nikawasha tochi, nikasubiri kahawia. Haikuja. Chupa ilikuwa nyeupe kama imejaa maziwa. Nilichota nyingine nikidhani dawa imeharibika. Nyeupe. Mzee hakujua kemia ile lakini aliutazama uso wangu akaelewa.

Tunaopumua hewa ni vigumu kufahamu jinsi samaki anavyoishi kwa kidogo. Lita moja ya hewa ina zaidi ya miligramu 250 za oksijeni. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi, hata yakishiba kabisa, hubeba kama miligramu 9 tu, na yakifika nyuzi 30 hushuka hadi saba na nusu hivi. Hakuna akiba. Kwa hiyo chochote kinachoozea majini kinagombania kile kidogo pamoja na samaki, na bakteria wanaoozesha hawana subira.

Kipimo changu cha mchana hakikuwa na kosa. Kwenye kona ile maji yalikuwa yanakwenda polepole, na mwani, vile vimea vidogo vya kijani vya majini, ulikuwa umestawi humo kwa wingi. Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, hadi maji yanajaa kupita kiasi. Usiku mwani nao hupumua kama sisi. Ukichanganya na bakteria wanaokula uchafu, oksijeni yote inaliwa kabla ya kupambazuka. Jua likichomoza, mwani unaanza kazi tena, na mpimaji anayeamka, akanywa chai na kufika saa nne anakuta mto mzima wa afya wenye mizoga juu yake. Ndiyo maana kipimo kizuri mno nacho ni dalili ya ugonjwa. Hilo sikufundishwa darasani, au nilifundishwa nikiwa sisikilizi.

Tangu usiku ule tulianza kupanda mto. Kila alfajiri tulipima mahali palipo juu zaidi ya pale pa jana. Nilitarajia kwamba kadiri tunavyokaribia chanzo, ndivyo hali itakavyokuwa mbaya. Ikawa kinyume. Juu ya kona, chupa ilitoa kahawia hafifu. Juu zaidi, kahawia nzito. Tulipofika kwenye bomba lililokuwa likimwaga maji kutoka mabwawa ya majitaka, mwendo wa karibu siku nzima kwa miguu kutoka penye mizoga, oksijeni ilikuwa bado inatosha na samaki walikuwa hai. Walikuwa wamejikusanya mdomoni mwa bomba wakila. Harufu pekee ndiyo iliyotusimamisha. Mabwawa yale yalikuwa yamejaa tope miaka mingi bila kusafishwa, na majitaka yalipita juu juu bila kukaa muda wa kutosha kutulia na kuoza humo ndani. Yalitoka karibu kama yalivyoingia.

Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Marekani, Harold Streeter na Earle Phelps, waliandika hesabu ya jambo hili baada ya kuuchunguza mto Ohio. Uchafu ukiingia mtoni hauui papo hapo. Bakteria wanahitaji muda kuula, na wakati wanakula, maji yanasafiri. Oksijeni inashuka kidogo kidogo kadiri maji yanavyokwenda, inafika chini kabisa mahali fulani mbali na bomba, halafu hewa inayoingia juu ya maji inaanza kushinda na mto unapona. Ukichora kwenye karatasi unapata bonde. Sehemu ya chini kabisa ya bonde hilo inaweza kuwa saa nyingi au hata siku kadhaa kutoka chanzo. Bonde letu lilikuwa kwenye kona ya waosha magari.

Kuna kipimo cha zamani kinachoonyesha hili hata kwa asiyejua hesabu. Unachukua chupa mbili za maji yaleyale. Moja unapima oksijeni leo, ya pili unaifungia gizani kwa siku tano kwenye nyuzi 20, kisha unapima kilichobaki. Tofauti ndiyo njaa ya uchafu uliomo. Siku tano zilianza kuwa desturi ya wapimaji baada ya tume ya Uingereza iliyochunguza majitaka kutoa ripoti yake mwaka 1912, na dunia nzima bado inazitumia. Maji ya bomba lile, yaliyoonekana yamefifia tu kama yaliyooshea vyombo, ilibidi tuyachanganye na maji safi mara nyingi sana ndipo chupa ya siku tano ibaki na chochote cha kupima.

Sitaki nieleweke kwamba sabuni na oili mtoni si kitu. Ni uchafu, na vijana wale walihamia baadaye mahali penye shimo la kuchujia. Lakini hawakuwa wao waliowaua samaki. Niliandika ripoti ya pili ikaifuta ya kwanza, nikaipeleka kwa mkono wangu, kisha nikaenda kumtafuta yule kijana. Nilimwambia, "Mdogo wangu, ulikuwa na haki. Nilipima, nikafuata macho." Aliniitikia kwa kichwa. Pampu yake haikurudi, na hilo bado linaniuma.

Mabwawa yalisafishwa. Ilichukua mabishano marefu nisiyotaka kuyasimulia, lakini yalisafishwa. Mto ulifanya kile ambacho mito hufanya ukiiacha ipumue. Mvua za msimu mmoja zilisukuma tope la kona, na kokoto zikaonekana. Msimu wa pili nilipogeuza mawe nilikuta wadudu wachanga wenye mikia mitatu myembamba, ambao hawawezi kuishi kwenye maji yasiyo na oksijeni, pale ambapo zamani ningekuta funza wekundu tu. Funza hao ni wekundu kwa sababu damu yao ina himoglobini kama yetu. Ndiyo inayowawezesha kushika ile oksijeni kidogo ambayo wengine wote wameshindwa kuipata. Ukigeuza jiwe ukakuta wekundu peke yao, huhitaji maabara.

Mto Thames unaopita London ulitangazwa mwaka 1957 kuwa umekufa kabisa kwa viumbe, na leo una samaki wa aina zaidi ya mia moja. Niliposoma habari hiyo nilikuwa na uhakika kwamba ziwa letu, ambalo mto wetu unaishia, nalo litapona. Nikaongeza ziwa kwenye ratiba yangu, nikitarajia kuandika habari njema.

Miaka minne ikapita. Ziwa likabaki kijani.

Tulipima uangavu kwa sahani ya Secchi, kifaa rahisi kuliko vyote nivijuavyo. Padri na mtaalamu wa nyota wa Italia, Angelo Secchi, aliitumia baharini mwaka 1865. Ni sahani unayoishusha kwa kamba yenye alama, na inapotoweka machoni unasoma kina. Mwaka wa kwanza ilipotea kabla ya nusu mita. Mwaka wa nne, nusu mita na vidole viwili. Maji yaliyoingia kutoka mtoni yalikuwa safi, nina hakika, niliyapima mimi mwenyewe. Kwa hiyo mwani ulikuwa unakula nini?

Chakula chenyewe ni fosforasi, na jambo hilo lilionyeshwa kwa namna ambayo ni vigumu kulibishia. Mwaka 1973, David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo la Ontario, Kanada, lijulikanalo kwa namba 226 tu, kwa pazia la plastiki. Upande mmoja waliongeza kaboni na nitrojeni. Upande wa pili waliongeza hivyo hivyo pamoja na fosforasi. Upande wa fosforasi uligeuka kijani ndani ya wiki chache. Picha iliyopigwa kutoka angani inaonyesha pazia kama mstari uliochorwa na rula, huku giza, huku kijani. Mwani unahitaji fosforasi kidogo sana, takriban atomu moja kwa kila atomu 16 za nitrojeni na 106 za kaboni, ndiyo maana kidogo hicho kikiongezeka ziwa zima linageuka. Hutoka kwenye kinyesi, mbolea, sabuni za unga, na udongo unaomomonyoka. Gugu maji lililotanda ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 lilinenepa kwa virutubisho vya namna hiyohiyo.

Jibu la ziwa letu nililipata mikononi. Tulizamisha bomba la plastiki angavu kwenye sakafu ya ziwa, tukaliziba juu, tukalivuta. Ndani yake kulikuwa na historia imesimama wima. Chini kabisa udongo wa kijivu, mgumu, usio na harufu. Juu yake, urefu wa mkono hadi kiwiko, tope jeusi laini kama grisi. Nilipoondoa kizibo, harufu ya mayai yaliyooza ilitujaa kifuani, na yule mzee mvuvi, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa akipiga kasia, alifunika pua kwa kanga aliyokuwa amejifunga shingoni. "Hiki ndicho kiko chini yetu?" aliuliza. Kisha akanyamaza hadi tulipofika ufukweni.

Tope lile ni miaka yote ya mabwawa mabovu. Mto ulikuwa umelileta, ziwa likalipokea na kulihifadhi. Fosforasi ikiwa kwenye tope lenye oksijeni hushikwa na chuma na kukaa kimya. Ila maji ya joto hukaa juu na ya baridi chini, tabaka mbili zisizochanganyika, na ile ya chini ikiishiwa oksijeni chuma hulegeza mkono, fosforasi inarudi majini. Mwingereza Clifford Mortimer alieleza hayo mwaka 1941 na 1942 baada ya kuchunguza matope ya maziwa ya kwao. Mwani unaila, unakufa, unazama, unaoza, unamaliza oksijeni ya chini, na tope linaachia nyingine. Ziwa linajilisha uchafu wake lenyewe. Siku ya upepo mkali tabaka zikichanganyika ghafla, maji yale ya chini yenye harufu hupanda, na samaki hufa kwa wingi siku ambayo hakuna mtu aliyemwaga kitu chochote. Nimeshuhudia mara mbili. Mara zote mbili watu walitafuta wa kumlaumu aliyekuwa karibu, na mara zote mbili nilimkumbuka yule kijana.

Mtoni, kosa na kifo havikai mahali pamoja. Ziwani havikai hata katika mwaka uleule. Aliyechafua anaweza kuwa ameshastaafu, bomba limeshang'olewa, na maji bado yanalipa.

Maziwa hayafanani pia, na hapa ndipo matumaini yangu yanapojigawa. Ziwa Washington, kando ya Seattle, lilikuwa likipokea majitaka hadi mabomba yalipoanza kuelekezwa kwingine mwaka 1963. Kazi ilimalizika 1968, na ndani ya miaka michache maji yakawa maangavu. Lina kina kirefu, na oksijeni ya chini haikuwahi kuisha kabisa. Ziwa Trummen la Sweden ni dogo na halina kina. Majitaka yalizuiwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini zaidi ya miaka kumi baadaye bado lilikuwa supu ya mwani. Lilipona baada ya tope la juu kunyonywa kwa mashine mwaka 1970 na 1971. Letu linafanana na Trummen.

Kuna jambo moja ambalo huwa nalisema kila ninaposimama mbele ya watu wanaochota maji ziwani, hata kama nimeitwa kuzungumzia kingine. Ule utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, mara nyingi si mwani wa kweli bali ni bakteria wa kijani-buluu wanaoweza kutoa sumu ya ini iitwayo mikrosistini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Agosti 2014, karibu watu nusu milioni wa Toledo, Marekani, wanaotegemea ziwa Erie, waliambiwa wasiguse maji ya bomba kwa kunywa na wasiyachemshe, kwa sababu maji yanayopungua chunguni yanaikoleza. Akina mama wengi niliozungumza nao walikuwa wamechemsha kwa uangalifu mkubwa, wakiamini wameshamaliza kazi. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, mbona hakuna aliyetuambia?" Nilikuwa na miaka tisa kazini. Ningeweza kuwaambia mapema.

Sasa tunapima unene wa tope, tupate kujua kama ziwa letu linaweza kunyonywa na ni wapi pa kuanzia. Nukta kumi na mbili. Mzee amezichagua yeye, kwa sababu anajua kila mahali ambapo nanga yake hutoka nyeusi. Tumefika ya saba. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo mimi ndiye ninayesoma alama za kamba na yeye ndiye anayeshika bomba likishuka, akisikiliza kwa viganja. Tope likianza anasema "sasa," na udongo mgumu ukigusa anasema "hapo," na hajawahi kukosea zaidi ya upana wa kidole. Nukta ya nane iko mbele ya mdomo wa mto. Tutakwenda kesho, kabla upepo haujaamka.